Lusini Chini ya Dungu

Juu ya jiko la kuni, katika kibanda cha wawindaji cha akina Zastrow, kulikuwa na ubao ambao marehemu mzee Otto aliuandika kwa msumari wa moto: Atakayekaa miaka kumi bila kulungu, ashuke dunguni. Siku aliyouandika alikuwa amemkasirikia mdogo wake. Mdogo wake alishakufa, Otto mwenyewe alishakufa, lakini sheria ilikuwa nzima na afya yake. Ilikaa pale ukutani ikimngoja mtu, na mtu mwenyewe akawa Wendell, mtoto wa Otto wa kumzaa.

Wendell alikuwa na miaka sitini na sita, magoti mabovu, na miaka tisa bila kulungu. Katika hiyo tisa, sita alipiga akakosa. Na huko kwao Wisconsin, anayekosa hukatwa pindo la nyuma la shati alilovaa, likapigiliwa misumari ukutani huku wenzake wakiimba na yeye akitazama. Mapindo sita ya Wendell yalining'inia yamejipanga kama kanga dukani. Mkewe, Arlys, alishakata tamaa ya kumnunulia mashati ya maana. Kila Novemba alimpa shati la mitumba ya kanisani, tena refu, ili akirudi awe na kitu cha kuchomekea.

Dungu lililokuwa hatarini, jukwaa la mbao la kuvizia kulungu, lilikuwa juu ya mwaloni, ukingoni mwa shamba. Wendell alilijenga na baba yake, na ndicho kitu pekee walichowahi kujenga pamoja bila kugombana. Akishuka, lingekwenda kwa Duane Kleczka, mume wa dada yake. Duane hakusubiri hata mwaka uishe. Mwezi wa tatu alikuja na futi ya kupimia, akapanda ngazi, akapima sakafu.

"Unapima nini, shemeji?" Wendell aliuliza kutoka chini.

"Zulia."

"Zulia la nini juu ya mti?"

"Wewe umekaa miaka tisa kwenye mbao tupu, umepata nini? Mimi nataka miguu yangu iwe na joto. Na hapa nitaweka kiti chenye mahali pa kikombe. Usijisumbue kufagia ukiondoka."

Wendell aliingia nyumbani amefura. Akachukua jarida la wawindaji, akasoma ukurasa mmoja mara tatu. Ulisema: usimfuate kulungu, mpandie lusini, majani yale ya ng'ombe wa maziwa, naye atajileta mwenyewe.

Basi akaanza. Alipeleka udongo kupimwa, akaambiwa ni mchachu kuliko siki, akamwaga chokaa mpaka kofia na nyusi zikawa nyeupe. Alinunua mbegu, akazipakaa ule unga mweusi wenye vijidudu vya kusaidia mizizi, akazimwaga asubuhi isiyo na upepo, kisha akaburuta gogo zito juu yake ili udongo ushike. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Wendell, ambaye kanisani alisamehewa kupiga magoti, alipiga magoti shambani kuanzia Aprili mpaka Juni akiling'oa gugu mojamoja.

Lusini ikaota. Ikaota vizuri, na kulungu wakapata habari.

Walikuja saba, mchana kweupe, wakaanza kung'ata miche isiyozidi urefu wa kidole. Wendell alitoka mbio na ufagio. Siku ya pili akazungusha waya wa umeme. Ya tatu akaning'iniza vipande vya sabuni na soksi zilizojaa nywele alizoomba kwa kinyozi. Ya nne akatundika redio mtini, ikawa inahubiri kutwa nzima.

Arlys alisimama ukingoni na kikombe cha kahawa.

"Mume wangu, nieleweshe. Unapanda chakula cha kulungu."

"Ndiyo."

"Na hapo unamfukuza nani?"

"Kulungu."

"Haya. Nilitaka kusikia tu."

"Bado ni michanga, Arlys! Wakila sasa, mizizi haitashika. Watakula Novemba."

Ukweli ni kwamba Wendell alikuwa anaugua, na hakujua ugonjwa wake. Alipoifyeka lusini mara ya kwanza, mwezi wa saba, ile harufu ya majani yakikauka juani ilimpiga kifuani akalazimika kukaa chini. Alikuwa na miaka kumi na tisa siku lilipokuja lori, Jumanne moja, likawachukua ng'ombe arobaini na mmoja ambao Otto aliwauza. Wendell aliwakamua tangu akiwa na miaka sita na alimjua kila mmoja kwa jina na kwa kikohozi chake. Siku ile alisimama uwanjani na ndoo tupu, na baba yake akamwambia, "Shukuru. Kulungu hakamuliwi, hiyo ndiyo raha yake." Wakageuza shamba kuwa mahali pa kuwindia, na Wendell akashukuru kama alivyoambiwa, miaka arobaini na saba, bila kuona raha yenyewe iko wapi.

Jirani yake, Gerrit Hoekstra, mfugaji wa maziwa, alisimamisha trekta barabarani akaja kuangalia. Alichuma shina, akatafuna, akafumba macho.

"Wendell, hii unawapa kulungu?"

"Ndiyo mpango."

"Wewe una roho mbaya. Nina ng'ombe kule angelia machozi kwa hii."

Akamlazimisha apeleke robota moja la majani yake makavu kwenye maonyesho ya wilaya. Likapata utepe wa buluu, ule wa mshindi wa kwanza. Wendell, ambaye hakuwahi kushinda hata bahati nasibu ya kanisa, aliubandika utepe ule ndani ya dungu na kila siku alipanda kwenda kuutazama. Septemba ilipofika, waya haukuondoka: lusini, alisema, inahitaji kupumzika kabla ya barafu. Oktoba haukuondoka pia, na safari hii hakutoa sababu.

Jumamosi ya kwanza ya msimu kulikucha kumeganda, na theluji kidogo shambani. Wendell alikuwa dunguni, amevaa rangi ya chungwa kutoka kofia hadi viatu, bunduki magotini, mwaka wa kumi. Katika dungu la pili, ng'ambo ya shamba, alikuwa Duane.

Saa moja na nusu, dume likatoka msituni. Lilikuwa na pembe za ncha kumi na mbili na shingo nene ajabu. Likauangalia waya, likauruka kama hauko, likasimama katikati ya lusini, ubavu mzima kwa Wendell. Hatua thelathini. Hata kipofu asingekosa.

Wendell aliinua bunduki. Katika darubini aliona bega, sawasawa. Halafu, bila kutaka, akateremka akaona mdomo. Dume lilikuwa halili majani. Lilikuwa linachimba kwa kwato na kung'oa lusini na shina lake, lile shina la chini ambalo likishatoka, mwaka ujao hakuna kitu.

"We! Wee mshenzi! Toka humo!"

Dume liliinua kichwa likitafuna. Wendell akatupa chupa ya chai, akatupa mkate wenye jibini, akatupa kofia. Dume likaunusa mkate. Hapo mzee akashuka ngazi kwa magoti yale yale mabovu, akavua koti, akalipunga, akalikimbiza dume kuzunguka shamba huku akitukana kwa Kijerumani cha bibi yake, mpaka likaruka waya na kupita chini kabisa ya dungu la Duane. Duane alikuwa anacheka hadi machozi. Alipiga risasi, akaua tawi la msonobari.

Saa sita mchana wanaume sita walikaa kibandani mbele ya sufuria la nyama na maharage. Kesi ya Duane ilichukua dakika moja: pindo likakatwa. Ya Wendell ikawasumbua.

"Hakukosa," alisema mmoja. "Hakupiga kabisa."

"Sheria ya shati haisemi kitu kuhusu mtu anayefukuza," aliongeza mwingine.

"Lakini ubao unasema," alisema Duane, huku akijishika nyuma kwa baridi. "Miaka kumi. Shemeji, kwa nini hukupiga? Mungu alikuwekea ubavu!"

Wendell aliliangalia bakuli lake. "Lilikuwa linang'oa."

"Linang'oa nini? Si ulilipandia hilo hilo?"

"Nilidhani hivyo."

Wendell alisimama, akatoa ufunguo wa kufuli la ngazi, akauweka mbele ya Duane. Aliumia, tena sana. Lakini alipotoka nje hakugeuka kulitazama dungu, jambo lililomshangaza mwenyewe. Alikwenda moja kwa moja pale dume lilipochimba.

Arlys alimkuta hapo, amepiga magoti kwenye theluji, anarudisha mashina mashimoni na kuyashindilia kwa ngumi.

"Wamelichukua?"

"Wamelichukua."

Alimtazama usoni akitafuta machozi, asiyaone. Wendell akashindilia shina jingine, akajifuta mikono.

"Hoekstra ana mtamba," alisema, bila kuinua macho. "Anamuuza. Miguu ya mbele myeupe, mtulivu. Najua nina miaka sitini na sita, Arlys. Najua magoti. Ni mmoja tu."

Arlys aliinama, akaokota shina moja lililong'olewa, akampa.

"Mmoja ataona upweke," mkewe akasema. "Chukua wawili."