Kemunto wa Kituo cha Majani

Mgeni aliingia kituo cha majani cha Nyacheki akiwa peku, viatu amevishika mkononi na suruali ameikunja hadi magotini. Mvua ya alasiri ilikuwa imetoka kupita. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya chai, ukijongea polepole kuelekea bondeni kana kwamba umesahau unakokwenda. Ndani ya kibanda, wanawake wapatao ishirini walikuwa wamekaa karibu na vikapu vyao vilivyojaa, wakingoja lori la kiwanda. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Macho yote yalikuwa kwa Persis Nyangate, binti aliyekaa kwenye kigoda kando ya mizani akiwa na kitabu mapajani, kwa sababu Kemunto alikuwa amefika mtoni na mto ulikuwa umefurika.

"Alivuka?" aliuliza Mama Loice, aliyekuwa amekaa mbele kabisa.

"Ngoja, mama. Anainama kwanza."

Kitabu kilikuwa cha Kiswahili, lakini kikipita kinywani mwa Persis kilitoka kikiwa Ekegusii, lugha ya jikoni na ya shambani. Kemunto aliinama, akateka mchanga kwa kiganja, akavisugua vikuku vya chuma vya miguuni mwake mpaka vikang'aa. Kisha akatembea ukingoni, akienda na kurudi, ili vilie. Mumewe alikuwa amekwenda kubeba mizigo katika vita vya Wajerumani. Hata akirudi na macho yaliyochoka, hata kama mke atakuwa amezeeka, atamjua kwa mlio wa miguu.

"Samahani," mgeni akasema. "Hilo halimo."

Sasa waligeuka.

"Halimo wapi?" aliuliza Mama Loice.

"Kitabuni."

"Kwani wewe umekisoma?"

"Nimekiandika."

Matone yalisikika yakidondoka kutoka kwenye mabati. Persis alifunga kitabu. Aliliona jina juu ya jalada, Nyasani, akamwona na mwenyewe amesimama na matope yake, akatamani lori lifike saa ile ile.

"Kama halimo," alisema Mama Loice baada ya kufikiri, "basi ulisahau kuliandika. Karibu ukae."

Ilikuwa mwaka wa 1973. Persis alikuwa amerudi nyumbani mwezi wa tatu na shahada ya chuo kikuu ndani ya bahasha ya kaki, akingoja barua ya kazi. Wenzake walikuwa wamekwisha kupata. Mmoja yuko benki, mwingine anafundisha. Yeye alitaka kazi ya vitabu, na alipowaambia watu hivyo walimtazama kwa huruma. Siku za kuchuma majani alimsaidia mama yake, na lori likichelewa aliwasomea wanawake *Mapenzi ya Kemunto*, riwaya aliyoinunua Kisii mjini. Waliingia ndani ya riwaya ile kama watu wanaoingia nyumba ya jirani, bila kubisha. Asubuhi moja mama mmoja alisema amemwona mwanamke akipanda kutoka kisimani na mtungi kichwani, ukungu ukiwa umemfunika hadi kiunoni, na kwa muda kidogo alidhani ni Kemunto. Hakuna aliyemcheka. Wengine waliuliza tu alikuwa amevaa nini.

Nyasani alikaa juu ya gunia, akatoa daftari. Alisema amekuja kwa sababu mwenye duka la vitabu Kisii alimwambia kuna wanawake Nyacheki wanaosomewa kitabu chake. Gazeti lilikuwa limekiandikia mistari minne tu, miwili ya kukidharau. Alitaka kusikia maoni ya watu waliokisoma kweli.

"Maoni tunayo," alisema Mama Loice. "Huyo Kemunto unamlisha nini? Kurasa zote hizo hajala ugali wa wimbi hata mara moja. Anapenda tu, anapenda tu. Ataanguka."

Wanawake walicheka. Nyasani akaandika.

"Mimi niko kwa historia," alisema Esnah, mzee wa akina mama katika kanisa la Wasabato, ambaye hakutaka ijulikane kwamba anasikiliza riwaya. "Hayo ya mapenzi yananipita tu."

"Na juzi ulipolia," akauliza mwenzake, "ulikuwa unaililia historia?"

"Moshi uliniingia."

"Moshi gani, dada, na hapa hakuna jiko?"

Mogire, karani wa mizani, naye alikuwa na lake. "Yule kijana karani anayempenda Kemunto. Kila ukurasa ana shati jeupe pe. Miaka ile, sabuni aliipata wapi?"

Nyasani aliandika yote, na jinsi alivyozidi kuchekwa ndivyo uso wake ulivyozidi kung'aa, kama mtu aliyeota moto baada ya safari ndefu. Mwisho akamgeukia kikongwe aliyekaa nyuma, mgongo ukutani, miguu ameinyosha mbele yake.

"Na wewe, magokoro?" aliuliza, kwa jina ambalo Wagusii humwitia nyanya.

"Mimi sina maoni," alijibu Bochaberi. "Nangoja mumewe arudi."

Macho ya Nyasani yalishuka hadi kwenye miguu ile. Ilikuwa na vikuku vya chuma, vyembamba na vyeusi kwa umri, vimepangana juu ya vifundo. Hakuandika neno.

Lori lilipokwisha kupakia, alimwomba Persis amsindikize hadi barabarani. Walitembea kati ya michai. Persis ndiye aliyeanza.

"Sura ya saba umeandika kwamba Kemunto alivua vikuku pale mtoni, akavitupa majini, akamfuata karani."

"Ndiyo. Nilitaka awe huru."

"Na mumewe yu hai."

"Yu hai, lakini yuko mbali. Kosa liko wapi?"

Persis alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania. "Vikuku vile mwanamke alivishwa siku ya harusi. Havivuliwi mpaka mume afe. Ukivivua akiwa hai, umemzika."

Nyasani alisimama katikati ya njia. Alisema baba yake alikuwa askari, na yeye alikulia Nanyuki; mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, na vikuku aliviona kwenye picha tu. Alisema hayo kwa sauti ndogo, kama mtu anayeungama.

"Nilikuwa nimefika ukurasa ule," Persis akaendelea, "nikanyamaza. Bochaberi akaniuliza, 'Amevua?' Mumewe aliandikwa kwenda kubeba mizigo ya vita, mwaka wa 1917. Hakurudi, na hakuna aliyeleta habari ya kifo chake. Nikamwambia, 'Hajavua.' Tangu siku hiyo nafungua kurasa zako lakini nasoma za kichwani mwangu. Ni wiki ya sita sasa. Nisamehe."

Nyasani hakukasirika. Alicheka kidogo, kisha akawa na haraka. Kampuni iliyochapa kitabu ilikuwa tayari kukichapa upya iwapo nusu ya pili itaandikwa vizuri zaidi. Ndiyo maana alikuwa akiyatafuta maoni. "Na nusu hiyo unayo wewe," alisema. "Iandike. Jina lako litakaa kando ya langu. Mama mmoja wa kampuni atakuja Kisii Ijumaa ya wiki ijayo, naye anatafuta mtu wa kusoma miswada huko Nairobi. Nitakutambulisha kwake. Ila bila kurasa zile sina cha kumwonyesha. Ataniacha mimi, na wewe hatakuona."

Persis alirudi nyumbani bila kuiona njia. Kazi ya kusoma miswada. Alikuwa ameiota mara nyingi hivi kwamba alilijua dirisha la ofisi yake na mti ulio nje yake.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia Nyasani. Mchanga wa mtoni, mlio wa vikuku, na yote mazuri yaliyofuata hayakutoka kichwani mwake. Bochaberi ndiye aliyempa, alasiri moja baada ya nyingine, wakipukusa maharagwe jikoni kwake. Alimsimulia jinsi alivyokuwa akitembea ukingoni mwa mto kila jioni mwaka ule wa kwanza. Alimsimulia jinsi alivyomwekea mumewe chakula, na jinsi alivyokuwa bado akizungumza naye shambani. "Wasimulie," alimwambia, "ila usiandike popote." Na Persis, bila kufikiri, kwa wepesi wa mtu anayeombwa kitu kidogo, alijibu, "Sitaandika."

Jumapili alikwenda kwa Bochaberi. Jua lilipita katika majani ya migomba likaingia mlangoni likiwa kijani, na moshi ukacheza ndani yake. Persis alipukusa maharagwe mengi kabla ya kusema.

"Magokoro, yule mwandishi anataka niyaandike yale."

Mikono ya kikongwe haikusimama. "Ulimwambia ni yangu?"

"La. Sikumwambia. Na kitabuni atakuwa Kemunto, si wewe. Hakuna atakayejua."

"Huyu atajua," alisema Bochaberi, akielekeza kidevu nje, upande wa mlima, kama mumewe yuko pale tu akifunga ng'ombe. Kisha akasema, "Watu wa serikali waliweka meza chini ya bendera. Wakaandika majina. Yeye alikuwa ameniambia, 'Kama hawataniandika, nitarudi kabla ya giza.' Nikasimama mbali nikaona mkono wa yule mtu ukitembea juu ya karatasi. Karatasi ndiyo iliyomchukua, mjukuu wangu. Ikimwandika mara ya pili, itammaliza."

 Persis alikuwa amesoma mambo ya vita vile chuoni, tarehe na idadi, na katika kitabu chochote hakukuwa na mkono ule unaotembea.

"Umeahidiwa nini?" kikongwe aliuliza.

"Kazi."

"Nzuri?"

"Ndiyo."

Bochaberi aliweka kando ganda alilokuwa ameshika. "Basi andika," alisema. "Mimi ni mzee. Wewe ndiye wa kuishi." Na aliposema hivyo alivuta kitambaa cha kiunoni, polepole, akaifunika miguu yake mpaka vikuku visionekane.

Persis aliaga akatoka. Ruhusa alikuwa nayo, na alijiambia hivyo njia nzima. Jumatatu alifungua daftari jipya, akaandika neno "Mwisho" juu ya ukurasa na kulipigia mstari. Alikaa nalo siku tatu bila kuongeza kitu. Kila alipoinua kalamu aliona kile kitambaa kikivutwa. Alhamisi aliuchana ukurasa ule, akaanza upya, na safari hii mkono ulikimbia: aliandika ugali wa wimbi, na sabuni ya karani, na moshi wa Esnah, na maoni yote ya kituo cha majani jinsi yalivyosemwa, kurasa ishirini na mbili.

Ijumaa aliwakuta katika hoteli ya chai karibu na soko la Kisii. Mama wa kampuni alikuwa na miwani na mkoba mkubwa mweusi, mtu wa maneno machache lakini si mkali. Alisoma kurasa za Persis, akacheka mara mbili, ya pili mpaka akavua miwani. Nyasani alimtazama Persis kwa furaha iliyomfanya aone aibu.

"Una sikio," mama yule alisema. Akafungua ukurasa wa mwisho. "Na ule mwisho alionieleza Bwana Nyasani? Ule wa vikuku?"

"Sikuuandika."

Nyasani aliweka kikombe chini. "Muda haukutosha," alisema haraka. "Anaweza kuutuma."

"Muda ulitosha," Persis alisema. "Hadithi ile nilipewa na mtu, nikamwahidi sitaiandika."

"Alikataa?" mama aliuliza.

"Amenipa ruhusa. Lakini hakupenda."

Mama akatoa kalamu yake mwenyewe. "Basi tusikusumbue. Nisimulie, nitaandika mimi. Wewe hutakuwa umeandika kitu."

Persis aliliona lile dirisha la Nairobi wazi kabisa, na mti, na upepo ndani ya mti. Ilikuwa njia nyepesi sana.

"Weka kalamu, mama, nami nitakusimulia yote. Hata mpaka jioni."

"Nikisikia bila kuandika nitafanya nini nayo?"

"Utaisikia tu."

Mama akatabasamu, tabasamu la mtu mwenye safari ndefu. Alifunga kalamu, akatia kurasa ishirini na mbili mkobani, akasema zitasaidia, na kwamba iwapo nafasi itatokea siku za mbele watamwandikia. Alimwambia Nyasani kwamba kitabu hakitachapwa upya mwaka huu. Aliwapa mikono wote wawili, akatoka.

Walikaa wakitazama vikombe. Nje mtu alikuwa akinadi ndizi kwa sauti ya kuimba.

"Nimekupotezea kitabu," Persis alisema.

"Nilikipoteza pale mtoni, nilipomvua vikuku," Nyasani alijibu. Ilimchukua muda kulisema, na haikuonekana kama amelikubali bado. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa kalamu yake na daftari, akavisukuma hadi upande wa pili wa meza, karibu na ukuta, mahali ambapo mkono wake haungefika bila kuinuka.

"Haya," alisema. "Akatembea ukingoni. Halafu?"