Konekta ya Bi Mawimbi

Mtoto wa kwanza wa Bi Mawimbi alifika na maboksi matupu, maana alikuwa na hakika. Mama yake alikuwa amepooza mkono wa kushoto kwa kiharusi, na walikuwa wamewekeana sharti: akifunga peke yake konekta mpya, kile kichwa cha kuunganishia kebo ya antena na redio, kabla jua halijazama, atabaki nyumbani kwake na redio yake ya upepo, ile ya kuongea na watu wa mbali. Akishindwa, redio igawiwe, naye ahamie kwa mwanawe, akakalishwe sebuleni kama pambo.

Konekta ya zamani ilikuwa imeingia maji ya mvua ikaoza. Tangu hapo rafiki zake wa hewani, wale waliompachika jina la Bi Mawimbi, hawakuisikia tena sauti yake, na kimya hicho kilimuuma kuliko mkono.

"Nimekuletea hii, Mama. Unachomeka tu, haina kazi."

Bi Mawimbi aliitazama kama anayeuziwa samaki wa juzi. "Hii ya televisheni, baba. Televisheni unaambiwa tu. Mimi najibu."

Akaisukuma pembeni. Kwenye kopo lake la akiba, ya kubana kwa koleo nayo akaikataa, kwani koleo lake hutaka mikono miwili. Akachagua ile kubwa ya kulehemu, yenye pete ya nje ya kukazia kwenye redio. Ngumu, ndiyo, lakini inakubali kushikwa na jiliwa, kibano chake cha mezani.

"Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, Mama."

"Na nani kakwambia nachinja?"

Akaibana kebo kwenye jiliwa, akaimenya ganda kwa kisu. Waya wa risasi akaung'ata kwa meno, chuma cha moto kikawa mkononi. Moshi ulimwingia machoni, akautukana. Risasi ikayeyuka, ikajaa vizuri, hata mwana akainama kuitazama bila kupenda.

Ndipo Bi Mawimbi akaiona pete. Ilikuwa imetulia mezani. Pete hupitishwa kwenye kebo kwanza. Ukishalehemu, haipiti tena. Hakuna mtu wa redio ambaye hajalifanya kosa hilo, na kila mmoja huapa kwamba hatalirudia.

"Basi, Mama. Umejitahidi," mwana akasema kwa upole, akifungua boksi.

Upole ule ndio uliomchemsha damu.

"Jua limezama?"

"Bado."

"Basi funga hilo boksi, na usinizibie mwanga."

Akaikata konekta pamoja na kipande cha kebo, akachukua nyingine ya akiba. Safari hii pete ilitangulia. Aliungua kidole, akakinyonya, akaendelea. Alipomaliza aliivuta kebo hadi kwenye redio iliyokuwa mezani, ikagoma. Ilipungua shubiri moja.

"Haifiki," mwana akasema.

"Kebo haifiki. Meza je, imeota mizizi?"

Akaegemeza nyonga kwenye meza, akasukuma. Haikusogea. Akamgeukia mwanawe, jasho likimtiririka. "Sharti lilikuwa konekta, nayo nimeifunga. Meza haikuwemo. Sukuma!"

Mwana aliyatazama maboksi, akamtazama mama yake. Kisha akaweka bega, akasukuma.

Bi Mawimbi akaikaza pete kwa vidole vyake, akawasha redio, akaita. Sauti zikamjibu kwa kugombania zamu.

"Bi Mawimbi! Tulisikia umehamia kwa mwanao. Uko wapi?"

Akamkazia mwanawe macho, akabonyeza kitufe.

"Niko kwangu."