Hatua Nne Kutoka Kitandani

Baba yetu, mzee Mayige, alipofariki, watu wa Kasoli walingoja kuona kaya yake ikigawanyika. Aliacha wake wawili, na majirani walikuwa na hakika kwamba kila mmoja angechukua wanawe na ng'ombe wake akaenda zake. Haikuwa hivyo. Masika ya pili baada ya msiba, jiko la mama yangu Ng'washi, mke mkubwa, lilianguka kwa mvua. Hakulijenga tena. Alibeba sufuria zake akazipeleka katika jiko la mke mwenzake, Nyanjige, na toka siku hiyo wanapika pamoja na kula pamoja. Kulala tu ndiko kila mmoja na nyumba yake, milango ikitazamana.

Sisi watoto tunawaita wote wawili mayu, yaani mama. Mimi, Joyness, nafundisha sekondari Bariadi mjini. Sayi, mtoto wa mayu Nyanjige, ni bwana mifugo huko Mwanhuzi. Mwaka huu, pamba ilipokwisha kuuzwa, tulikubaliana kuwapeleka mama zetu baharini siku tano, mimi nikiwasindikiza. Sayi aliwahi kwenda Bagamoyo kwa semina, na tangu arudi mama yake hakuacha kumwuliza habari za huko. Ziwa mayu Nyanjige alikuwa ameliona, kule Lamadi. Alichotaka kuona ni maji ambayo ng'ombe akifikishwa atakataa kunywa.

"Wachague wenyewe pa kulala," Sayi aliniambia. "Sisi tukiwachagulia watavumilia tu, na hatutajua kama walipapenda."

Basi Jumamosi moja asubuhi nilikwenda Kasoli, simu yangu imejaa picha za hoteli. Niliwakuta kivulini mwa nyumba wakipepeta choroko.

"Mwangaluka, mayu," nikawasalimu.

"Mwangaluka. Umekonda," alisema mayu Nyanjige, ambaye huniambia hivyo kila nikifika.

Niliketi katikati yao kwenye mkeka, nikafungua picha ya kwanza. Ilikuwa hoteli kubwa ya ufukweni, yenye viti vyeupe na bwawa la bluu. Mayu Nyanjige aliishika simu kwa mikono miwili.

"Hii ndiyo bahari?"

"Bahari ni ile ya nyuma, mayu. Hili ni bwawa la kuogelea."

Aliitazama tena. "Bahari wanayo, halafu wakachimba na lambo?"

"Ni la wageni."

"Na wageni wamefuata nini huko, si bahari?"

Nikafungua nyingine, vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya nguzo, na ngazi ya kupandia. Mama yangu alisema wanaolala juu ni kuku. Ya tatu ilikuwa ghorofa, vitanda vimetandikwa mashuka meupe na taulo zimekunjwa mfano wa bata. Mayu Nyanjige alicheka, akataka kujua bata yule anakunjwaje. Mama yangu alisema sakafu inang'aa mno, itamwangusha. Ya nne akasema iko mbali na barabara. Ya tano akasema ina watu wengi. Nilidhani anaogopa safari. Mwaka uliopita alikuwa akija kwangu mjini na kukaa wiki mbili, lakini siku hizi akija asubuhi, alasiri anarudi Kasoli, hata nimsihi vipi. Nilijua ni uzee.

Picha ya sita ilikuwa ya gesti ndogo ya Bagamoyo. Vyumba sita vya chini, bila ghorofa, kuta za chokaa, na baraza pana linalotazama bahari. Mwenyewe, mama wa makamo aitwaye Bi Mwanaheri, alikuwa amesimama mlangoni na upawa mkononi, kana kwamba aliyempiga picha alimkatiza akiwa jikoni.

"Hapa," alisema mayu Nyanjige.

Mama yangu naye hakuona kasoro. Nikapiga simu palepale. Bi Mwanaheri alitusalimu kwa maneno mengi ya pwani, akatuuliza hali, nyumba, watoto, mpaka mama zangu wakaanza kutazamana. Alisema wiki tunayoitaka chumba anacho kimoja tu, kikubwa, cha vitanda viwili. Na mimi ningelala wapi? Akasema kuna kichumba karibu na jiko, kama sijali harufu ya samaki.

"Kinatutosha," alisema mayu Nyanjige.

"Vyumba viwili," alisema mama yangu. "Kama havipo, mimi siendi."

Alisema bila kuinua macho kwenye ungo. Nilimwambia Bi Mwanaheri nitampigia tena, nikakata. Mayu Nyanjige aliendelea kupepeta kidogo, kisha akaweka ungo chini.

"Mama Joyness," alisema, "karibu miaka arobaini tumegawana mume. Leo kugawana chumba ndiko kumekushinda?"

Mama aliendelea kupepeta. Mayu Nyanjige aliinuka akaenda zizini, ingawa saa ile zizini hapakuwa na hata ndama.

Nilirudi mjini na moyo mzito. Sayi nilipompigia alisema tutafute gesti nyingine yenye vyumba viwili. Niliipata. Lakini mayu Nyanjige nilipompa habari alisema nimpeleke mama yangu peke yake, yeye ana choroko zake. Mama yangu naye akasema peke yake hafiki hata Shinyanga. Ikawa hivyo wiki nzima.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda tena. Niliwakuta palepale, safari hii kimya, kila mmoja na ungo wake. Nilipokaa, mayu Nyanjige aliniuliza, "Ile nyumba ya yule mama mwenye upawa. Choo kiko wapi?"

"Ndani, mayu."

"Ndani ya nyumba, au ndani ya chumba?"

Sikujua.

"Mpigie. Halafu nipe mimi niseme naye."

Nilipiga, nikaweka sauti ya kusikika na wote, nikampa. Bi Mwanaheri alipomaliza salamu zake, mayu Nyanjige alimwuliza choo. Akajibiwa kimo chumbani humohumo.

"Kutoka kitandani hatua ngapi?"

Bi Mwanaheri akauliza, "Una shida ya miguu, mama?"

"Miguu mizima," alisema mayu Nyanjige. "Ni mkojo. Nimezeeka, mkojo haunisikilizi tena. Nikistuka usingizini natakiwa niwe nimefika, na kuna siku sifiki. Sasa nataka kujua kama taa ya chooni naweza kuiacha inawaka, na kama kuna plastiki ya kutandika chini ya shuka. Nisije nikakuharibia godoro lako."

Nilimtazama kwa mshangao. Nimemfahamu mayu Nyanjige maisha yangu yote. Hana ugonjwa wowote, anabeba ndoo mbili kutoka kisimani bila kupumzika. Kisha nikamtazama mama yangu. Mikono yake ilikuwa imesimama juu ya choroko, naye alikuwa akimtazama mke mwenzake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Mama," Bi Mwanaheri alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu anayezungumza na jirani, "chumba hicho kilikuwa cha mama yangu mzazi. Alikaa humo miaka sita mpaka alipotutoka. Plastiki iko juu ya godoro mpaka leo, sikuitoa. Taa haizimwi. Na choo ni hatua nne, nilizihesabu mwenyewe nilipokuwa namshika mkono."

Mayu Nyanjige alishusha simu. "Anasema hatua nne," alisema, kana kwamba sisi hatukusikia.

Ukucha wa mama yangu ulikuwa ukichimba upindo wa kitenge.

"Muulize," alisema mwishowe, "ni nne za mtu mrefu au mfupi."

Mayu Nyanjige aliuliza. Bi Mwanaheri alicheka, akasema mama yake alikuwa mfupi, kimo cha jagi. Chumba kikawekwa kwa jina la mayu Nyanjige.

Baadaye, tukiwa wawili jikoni, nilimwuliza mayu Nyanjige alijuaje shida ya mama. Alisema tangu Januari alikuwa akiona godoro limeanikwa nyuma ya nyumba kabla watu hawajaamka. Alikuwa akilipitia mbali asionekane kwamba ameona. Wiki ile tu, alipokwisha kukasirika, ndipo alipoliunganisha godoro na chumba.

"Mimi mtoto wake sikujua," nilisema.

"Wewe unakaa mjini," alijibu, akanipa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, nitafune.

Jumatatu nilimpeleka mama hospitali. Muuguzi aliyempokea alimwambia wanawake wengi wa umri wake wana shida hiyo na wengi wanaificha, akampa dawa na kumfundisha mazoezi ya kufanya amekaa. Mama alitoka amekunja uso. Njiani aliniambia mazoezi yale ni ya aibu. Lakini nilipomtazama kwenye kiti cha basi siku ya safari, alivyonyooka na kukazia macho mbele, nilijua anayafanya.

Tulilala Dodoma, siku ya pili tukafika Bagamoyo mchana. Bi Mwanaheri alitupokea na madafu. Mama zangu walikwenda moja kwa moja barazani, na bahari haikuwapo. Maji yalikuwa yamekupwa. Palikuwa na mchanga tu na matope, na wanawake wameinama mbali wakiokota kitu.

"Yamekwenda wapi?" aliuliza mayu Nyanjige.

"Yatarudi," alisema Bi Mwanaheri. "Kaeni mle kwanza."

Yalirudi walipokuwa wakila wali na pweza, ambaye mama alimkataa mpaka alipomwonja. Mayu Nyanjige aliacha sahani yake, akashuka hadi ukingoni, akachovya kidole na kukilamba. Alirudi akamwambia mama ni kweli, ng'ombe hanywi, na alikuwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi.

Siku ya nne jioni nilikaa na mama barazani. Mayu Nyanjige alikuwa amesimama majini hadi magotini, kitenge amekikusanya kwa mkono mmoja.

"Alipoolewa sikusema naye mwaka mzima," mama alisema ghafla. "Hata salamu. Baba yako alikuwa akipita katikati yetu kama mtu anayevuka mto."

Alipangusa mchanga kwenye kitenge chake.

"Ukaugua surua. Ulikuwa na miaka mitatu, mimi nimekwenda msibani kwetu, mvua ikanizuia. Niliporudi nilikuta amekubeba mgongoni siku nne. Kila akikulaza ulikuwa unalia. Mgongo umemvimba, macho mekundu. Nikamwambia, mshushe mtoto wangu. Akaniambia, ngoja kwanza, ndiyo kwanza amelala." Mama alimtazama mwenzake kule majini. "Hayo ndiyo maneno yetu ya kwanza."

"Ukafanya nini?"

"Nikaenda kumpikia uji."

Mayu Nyanjige aligeuka akapunga mkono. "Mama Joyness," aliita, "njoo, maji ni ya moto."

"Anadanganya," mama alisema. Alivua kandambili zake, akaziweka pamoja kando ya kiti changu, akashuka mchangani.