Usafi wa Mzee Mabruki

Mzee Mabruki alilitakasa tangi mpaka likanukia kama wodi ya hospitali, na kwa kulitakasa huko akaliua.

Ni mwashi mstaafu wa Tabora mjini, mtu asiyepokea mgeni kabla hajafagia hadi nje ya uzio. Siku hizi analinda mtambo mdogo unaosafisha maji meusi yanayochuruzika kutoka dampo. Alipoambiwa kuwa kina mama wanaolima mpunga bondeni watakuja Jumamosi, alilitazama povu la kahawia tangini, akaona aibu, akamwaga madumu mawili ya klorini.

“Shikamoo, mzee,” alisema Veneranda, mtaalamu wa mtambo, asubuhi ya Jumamosi hiyo. “Mle tangini mlikuwa na bakteria wetu. Ndio waliokuwa wakila sumu.”

“Marahaba, mwanangu. Mimi nilidhani ni uchafu.”

Veneranda alikasirika, kisha kicheko kikamponyoka. Lakini wageni walikuwa njiani, nao ndio wangeamua kama maji yaingie kwenye majaruba yao. Wakikataa, mtambo ungefungwa. Akayapitisha maji kwenye mapipa ya mkaa maalumu unaonasa rangi na harufu. Yakatoka maangavu. Amonia, ile sumu yenyewe, ilibaki mlemle, maana kuiondoa ilikuwa kazi ya bakteria. Alijiambia atanyamaza leo tu.

Levina, kiongozi wa wakulima, aliyatazama maji kwa furaha.

“Yamependeza,” alisema, akakinga viganja chini ya koki anawe uso.

Veneranda akamdaka mkono. “Usinawe, mama. Ni rangi tu iliyopendeza. Bakteria wamekufa, nami nilitaka kuwaficha jambo hilo.”

“Niliwaua mimi,” Mabruki akadakia, “kwa klorini.”

“Kwa nini, baba?” akauliza mama mmoja.

“Ningewapokeaje wageni na lile povu?”

Kina mama walicheka hadi wakashikana mabega, na Mabruki mwenyewe akacheka nao. Levina peke yake hakucheka.

“Wapya watachukua muda gani?”

“Kama wiki sita, tukileta tope lenye bakteria kutoka mabwawa ya majitaka ya mjini.”

“Ungenyamaza nisingejua.”

“Najua, mama.” Veneranda aliogopa, na papo hapo akajisikia mwepesi.

Levina aliifunga koki mwenyewe, akaikaza kwa mikono miwili.

“Basi tutarudi baada ya wiki sita,” alisema. “Mtu asiiguse. Nitaifungua mimi.”