Ndugu Hapangishwi

Bi Semeni alimtambua kwa masikio kabla hajashuka kwenye pikipiki. Masikio yale ya kusimama, kama mishikio ya sufuria, yalikuwa ya kaka yake Nassibu, na Nassibu alizikwa nayo kijijini Umwe mwezi wa Rajabu. Sasa hayo yanakuja tena, barazani kwake hapa Kibiti, yamening'iniza miwani ya jua.

"Mambo vipi, mama," kijana akasema.

"Marahaba," akajibu Bi Semeni. Shikamoo haikutolewa, lakini aliiitikia hivyo hivyo, maana ukisubiri adabu kwa watoto wa siku hizi utazeeka mlangoni.

Muhidini dalali alikuwa ameshatangulia kivulini. "Mama Kudra, nimekuletea mpangaji. Mtu wa mjini huyu, mstaarabu."

Dalali naye. Alijua fika kwamba chumba kile kimeshaombwa na mwalimu Petronila, mgeni wa kutoka bara, na kwamba mwalimu anahamia alasiri ile ile. Lakini dalali hana haya, ana udalali. Siku nyingine Bi Semeni angewafukuza wote wawili kwa ufagio. Chumba kile ndicho kilichobaki kumlisha. Miguu imevimba, bondeni kwenye mpunga hashuki tena, na mwanawe Kudra kaolewa mbali. Kisipolipiwa kodi, jiko halina cha kuinjika. Kilichomzuia ni yale masikio tu. Alitaka kumsikia mwenyewe atasema nini.

Na alisema, mwana wa watu. Aliingia chumbani akagonga ukuta kwa kidole, akatazama juu, akauliza mbona hakuna silingi bodi. Akauliza choo, akaambiwa kiko nje, akasonya. Kisha akatoka barazani, begi lake kaliegemeza kwenye nguzo, akaanza kumsomesha mwenye nyumba habari za miji.

"Mimi natafuta mji wa bei nafuu, mama. Dar pamekuwa pa matajiri, mwenye nyumba anaamka na kodi mpya kila mwaka. Nimepekua mtandaoni nchi nzima. Morogoro wamejifanya Ulaya. Dodoma tangu serikali ihamie hapashikiki. Tanga wanaringa na chumba kina popo. Kibiti hii, angalau, bado pamelala."

"Pamelala," akarudia Bi Semeni.

"Yaani hapajachangamka. Ndiyo nafuu yenyewe."

"Na huku una mtu?"

Kijana akacheka. "Huku? Mimi mtoto wa Dar, mama. Huku porini nitakuwa na nani? Sina ndugu."

Muhidini alisikia, na jirani aliyekuwa anaanika mihogo alisikia. Bi Semeni alikasirika. Mtoto huyu aliondoka na mama yake hajang'oa jino la kwanza, haya, hilo si kosa lake. Lakini alikua, akapata simu, na simu ile ilijua kumlilia baba yake kila msimu wa korosho. Msimu ukipita, kimya. Nassibu alipokufa alipelekewa habari siku ile ile, naye akajibu yuko bize, atakuja arobaini. Arobaini ikafika. Pilau likapikwa, likaliwa, masufuria yakaoshwa yakarudishwa kwa wenyewe, na mtoto wa marehemu hakuonekana hata kivuli. Aliyeulizwa na watu yuko wapi alikuwa Bi Semeni, naye ndiye aliyeinamisha uso.

Akataja kodi, ile ile aliyomtajia mwalimu.

"Kwa kibanda hiki?" kijana akasema. "Bi mkubwa, unataka kunipiga."

Hapo Muhidini akaona udalali wake unaota mbawa. "Kaka, huyu si mtu wa kupiga watu. Uliza popote. Huyu ni Semeni, nduguye marehemu Nassibu wa Umwe. Ukoo wa watu wa haki."

Kijana akavua miwani. "Nassibu yupi?"

"Wa Umwe, aliyekufa Rajabu. Yule mwenye masikio ya..." Muhidini akamtazama kijana vizuri, akafunga mdomo.

Looo, uso ule! Mtu akitajiwa baba yake marehemu hutazama chini. Huyu alitazama chumba.

"Shangazi," akasema, na sauti ikawa asali. "Kumbe wewe ndiye shangazi Semeni? Mimi Abdulswamadu. Shikamoo, shangazi." Akapiga na goti.

"Nilishaitikia," akasema Bi Semeni.

Abdulswamadu akanyanyua begi pale barazani, akazunguka nalo nyumba, akaingilia uani. Hakuambiwa na mtu. Alikwenda mwenyewe mpaka jikoni, akavuta mkeka, akakaa. Na hapo Bi Semeni akajua ameshikwa pabaya. Mgeni hupiga hodi barazani, ndugu hupita uani, na aliyekwisha kupita uani hatozwi kodi, kwani ndugu hapangishwi. Akimtoza, kutoka hapa mpaka Mtawanya watasema Semeni anamuuzia mtoto wa kaka yake paa. Akimpokea, mwalimu arudi na godoro lake, na yeye Semeni ale nini? Mila hiyo moja mjinga yule aliijua. Shikamoo ilimpita, maziko yalimpita, lakini ya kukaa bure aliinyonya ziwani.

Akamfuata uani pole pole, miguu inamuuma. Muhidini akafuata nyuma, maana dalali hapitwi na jambo.

"Kweli, ndugu hapangishwi," Bi Semeni akasema. "Na ndugu huwa na lake. Baba yako kaacha mahali Umwe, bondeni. Dungu lake. Kaa huko, hakuna atakayekudai."

"Dungu ndiyo nini?"

"Nyumba ya juu. Imesimama kwenye nguzo, unapanda kwa ngazi. Upepo tele, na mto unauona."

Abdulswamadu hakungoja amalize. Akatoa simu, akaisogeza mdomoni, akawarekodia rafiki zake wa Dar. "Oya wanangu, mnateseka na kodi huko. Mimi nimepata ghorofa, mto mbele, bure kabisa. Nyie bakini na Dar yenu."

Muhidini akageukia ukuta, mabega yanatikisika kwa kicheko. Alipopata pumzi akamweleza kiungwana: kibanda cha miti na makuti, cha kulindia mpunga. Unakaa juu ili mafuriko yakija yasikuchukue, mchana unawapigia ndege debe, usiku unawapigia nguruwe.

"Mpunga unaiva sasa," akaongeza Bi Semeni. "Ndugu ndiye mlinzi."

Kijana akakitazama chumba, akamtazama shangazi yake, akaona hapapenyeki. Mfukoni hakuwa na kitu, kumbe kelele zote zile za silingi bodi zilikuwa za mtu asiye na nauli ya kurudia. "Basi nitakaa huko kidogo," akasema, "nikitafuta mji mwingine."

Sasa, mwanamke huyu hakuwa jiwe. Alipomwona ananyanyua begi lake, na masikio yale yameinama, moyo ulimuuma. Akaweka nadhiri kimya kimya. Huyu mtoto akiuliza jambo moja tu, akiuliza baba yake kazikwa wapi, chumba ni chake leo hii. Mwalimu atatafutiwa kwingine, na yeye atakula atakachojaliwa. Akasimama, akamtazama mdomoni.

Abdulswamadu aliinua uso. "Shangazi," akasema taratibu, "huko Umwe..."

"Ehe, mwanangu."

"Mtandao unashika?"

Hata Muhidini aliona haya kwa niaba ya kijana.

"Dunguni haushiki," akasema Bi Semeni. "Ukiutaka, panda kule juu kwenye mikorosho. Utaona makaburi. Lipo moja halijaota majani bado. Simama hapo kichwani pake, unashika vizuri."

"Poa, shangazi," akajibu kijana, akavaa miwani yake.

Barazani mwalimu Petronila alikuwa ameshafika, anashusha godoro kwenye bajaji. "Hodi hapa. Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaitikia Bi Semeni, akachukua ufunguo akaenda kumfungulia.