Akidi ya Vigoda

Jumamosi asubuhi Veridiana alijifunga khanga ya pili, akatoa kigoda chake uvunguni mwa kitanda, akaenda mkutanoni. Kijijini Chilangala ndivyo walivyozoea: ofisi ya kijiji haina mabenchi, kila kaya huja na kigoda chake. Zamani asiyefika mkutanoni aliulizwa anaumwa nini. Siku hizi haulizwi mtu. Wengine wako kwenye korosho, wengine kwenye mpira, na waliobaki wamesema watasoma kwenye grupu.

Alimkuta mwenyekiti, Hamidu, akipangusa miwani, na mtendaji, Muharami, akichezea simu.

"Shikamoo, Mama Oscar," alisema Muharami.

"Marahaba. Akidi imetimia?"

"Akidi ni wewe."

Veridiana akakaa. Hoja yake ilikuwa ile ile. Birika la maji ya mvua walilojenga wazee wao lilikuwa na ufa kutoka juu mpaka chini, mvua zilikuwa karibu, na kazi ya kijiji haifanyiki bila mkutano kuridhia. Saruji ilikuwa stoo, imeshaanza kuganda. Esther, mkamwana wake, mke wa Oscar, alikuwa mjamzito, na bado aliteremka bondeni kila siku kuteka maji, kisha akaupanda ule mlima na ndoo kichwani. Veridiana alimwogopea hata akikohoa.

Jua lilipopanda, vigoda vikaanza kuja. Kilitangulia cha Mzee Sultani, mchonga vinyago, kikitembea kwa miguu yake mitatu kama mtu mwenye ganzi. Vingine vikafuata, kwa njia ya msikitini na kwa njia ya kanisani, vikikwepa korosho zilizoanikwa. Mbuzi ya kukunia nazi ya jirani yao Ziada ilichelewa kwa sababu ilikuwa kazini, meno yake bado yana chembe za nazi. Vikajipanga, vya wazee mbele na vya vijana nyuma.

Hamidu alivihesabu mara mbili. "Akidi imetimia," akasema. "Tufungue mkutano."

Hoja ikasomwa. Wanaokubali wakaombwa kunyoosha mikono, akanyoosha Veridiana. Wanaopinga hawakuonekana. Muharami akaandika kwamba kijiji kimeridhia, na kazi ni Jumanne. Vigoda vikarudi makwao taratibu, wenyewe wakavikalia wakala chakula cha mchana.

Jumanne vigoda vikaja tena, vikalizunguka birika, vikasubiri. Lakini kigoda hakishiki chepe. Veridiana alichekecha mchanga peke yake. Karibu na adhuhuri akatokea Mzee Sultani, mkono kiunoni.

"Mama Oscar, nimefuata kiti changu. Siwezi kuchonga nimesimama."

"Kichukue, mzee wangu. Nani kakukataza?"

Alikivuta, hakikung'oka. Akakivuta tena, akachoka, akakikalia. Sasa mwanamume aliyekaa mbele ya mwanamke anayetokwa jasho, ama atafute pengine pa kuangalia, ama atafute kazi. Sultani aliangalia angani kwa muda mrefu sana, kisha akasema, "Haya, lete hilo chekeche."

Ziada akaja mbio na kizio cha nazi mkononi, akakikuna pale pale kwenye mbuzi yake, halafu akabaki kukoroga saruji huku akimsema mumewe. Wengine nao walifuata viti vyao, wakashindwa kuvibeba, wakakaa, wakapokezana ndoo. Mtu akaanzisha wimbo wa kazi wa Kimakonde ambao wengi walishasahau maneno yake, wakaumalizia kwa kuguna. Veridiana alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa na furaha ambayo hakuipata tangu mumewe alipokuwa hai.

Magharibi vigoda viliachia, kila mtu akabeba chake kwapani. Ufa ulikuwa umezibwa kutoka chini hadi nusu.

"Kesho tunamalizia," waliagana.

Kesho ilikuja, watu hawakuja. Mvua zikanyesha, birika likajaa hadi pale mikono ilipofika, maji mengine yakavujia kwenye mihogo. Esther sasa aliteremka bondeni siku moja, akapumzika siku moja. Watu walisema ni nafuu kubwa.

Mkutano mwingine ukaitishwa. Asubuhi hiyo magoti yalimuuma Veridiana, na kitanda kilikuwa kitamu. Kigoda chake kikatoka uvunguni, kikasimama mlangoni. Hakuwahi kukiona kikitembea. Siku zote alikibeba.

"Tangulia," alikiambia, akajifunika shuka.

Esther alikuwa uani, akisokota kata ya kutwikia ndoo. Alikiona kigoda cha mama mkwe wake kikikata kona peke yake. Njia ya bondeni inapita ofisini, akakifuata. Kilipojipanga na vyenzake, akatua ndoo, akakikalia.

"Unamwakilisha mama?" aliuliza Muharami.

"Nimechoka tu."

Hamidu alimhesabu pamoja na kigoda, kuwa kimoja. Hoja ya kumalizia birika ikasomwa, Esther akanyoosha mkono. Wanaopinga hawakuonekana. Muharami akaandika kwamba kijiji kimeridhia, na Esther akajitwisha ndoo tupu, akateremka bondeni.

Kigoda kilirudi nyumbani kabla yake. Veridiana alikigusa, kilikuwa na joto la mtu, na akajua la nani. Aliona haya, haya za kweli. Hakukirudisha uvunguni. Alikiweka mlangoni, kisha akakikalia, akamsubiri mkamwana wake alete maji.