Ratiba ya Ijumaa Mchana

Brightness aliacha shule akiwa darasa la tano, sasa anauza vitenge dukani kwa shangazi yake, Kariakoo. Anampenda kwa siri Basil, mwanachuo apitaye hapo; akimsalimia tu, Brightness hukosea hesabu ya chenji. Leo Basil na wenzake wa chuo walikaa humo dukani kupanga ratiba ya kazi ya kikundi, naye Basil hakumtazama mwingine ila Candida, binti wa shangazi, anayesoma nao.

"Bright, duka linapoa siku gani?" Candida aliuliza.

Wivu ukamjibia Brightness kabla hajafikiri. "Ijumaa mchana." Saa hiyo Basil huwa msikitini.

"Wee dada, unataka nikose swala?" Basil alicheka.

"Basi wengine Ijumaa," Candida akaamua. "Mimi na wewe Jumamosi, wawili tu. Bright atatuwekea viti."

Brightness akakunja upya kitenge kilichokwisha kukunjwa.